Linux Mint Xfce kwenye laptopu kongwe, baada ya kuchoshwa na apdeti

Laptopu yangu ni ya 2011, Core i3, ramu GB 4, diski ile ya kuzunguka ambayo ukiweka sikio unaisikia inasaga. Betri kubwa ilishakufa siku nyingi, naitumia kwa waya tu. Sijaitupa kwasababu kibodi yake naipenda na kazi zangu ni za kuandika na kuperuzi basi. Kilichokua kinanitoa roho ni apdeti. Mfumo niliokua natumia (jina naliacha) ulikua unajiamulia wenyewe, unazima mashine ukalale unaambiwa usizime kwanza, asilimia 10, 20, ikifika 35 inaganda hapo, feni inalia, mimi nimekaa naitolea macho kama mtu aliyebandika maziwa jikoni. Saa nzima! Halafu inakwambia imeshindwa, inarudisha kila kitu kama kilivyokua, na kesho yake inaanza apdeti ileile upya, na bando ndo limeshaenda.

Mara nyingine hata kupakua inagoma kabisa. Nikafuta mafaili nikidhani nafasi imejaa, wapi. Siku moja ndo natupa jicho kwenye saa pale kona ya skrini naona Januari 2010, yaani kabla hata laptopu haijatengenezwa 😂 Kumbe ile betri ndogo ya duara kwenye madabodi, CR2032, imekufa nayo, kwahiyo nikichomoa waya tu saa inarudi nyuma, na tarehe ikiwa ya uongo vyeti vya usalama vya seva vinaonekana bado havijaanza kutumika, mashine inakataa kuongea nayo. Nikabadilisha betri, kupakua kukarudi. Ile 35 ikabaki palepale.

Basi nikahamia Linux Mint, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta, toleo la Xfce ambalo ndo jepesi. Wenyewe wanasema ramu GB 2 inatosha ila GB 4 ndo raha, na diski angalau GB 20. Faili lake ni karibu GB 3, unaliweka kwenye flashi kwa programu kama Rufus, unawashia hapo na unaijaribu bila kugusa diski. Jaribu kweli jamani, angalia waifai inashika, sauti inatoka, ndo uinstoli. Na mafaili yako hamisha kwanza, ukichagua kufuta diski inafuta kweli haikutanii.

Sasa apdeti zake, maana ndo zilizonileta. Kuna kialama kidogo cha ngao pale chini, kukiwa na kitu kipya kinakuonyesha, unafungua unakuta orodha, kila kimoja na ukubwa wake, unatia tiki unachotaka. Hutaki leo, acha, hakuna anayekufungia mashine. Ukikubali inafanyika huku unaendelea kuandika barua yako. Kuwasha upya inakuomba mara chache, hasa ikibadilika kaneli, ile roho ya mfumo, na hapo ndo palinipa raha kuliko kote: kaneli ya zamani haifutwi papohapo. Kaneli mpya ya mwezi uliopita iligombana na chipu ya waifai ya hii laptopu, nikawasha upya, kwenye menyu ya mwanzo nikachagua ya nyuma, dakika mbili nipo hewani. Zamani hiyo ingekua wikendi nzima imepotea.

Halafu kuna Timeshift, inapiga picha ya mfumo kabla hujagusa kitu, mambo yakiharibika unarudi ulipokua. Ila angalieni, kwa kawaida haibebi mafaili yako binafsi, inabeba mfumo tu, na flashi yenye mpangilio wa FAT, ule wa flashi nyingi, haiikubali, inataka diski ya mpangilio wa Linux. Mimi hilo la pili lilinipotezea jioni.

Sio kwamba ni peponi. Kama kazi yako ni Photoshop basi hapa hapakufai, na faili la Word lenye majedwali mengi ukilifungulia LibreOffice, programu ya ofisi inayokuja na Mint, linaweza kukaa upandeupande. Kuwaka bado inachukua muda na hilo ni kosa la diski, ukiweka SSD, diski isiyozunguka, utadhani umebadilishiwa mashine. Na kama prosesa yako ni ya biti 32 usijisumbue, Mint ya kawaida iliacha hizo tangu toleo la 20, mwaka 2020.

Wale wa Windows 10 ambao msaada wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025 na mashine zao hazina TPM 2.0, chipu ya usalama inayotakiwa na Windows 11, msikimbilie kununua mpya kabla hamjawashia flashi mkaona. Naipa 8 kwa 10. Printa bado sijaijaribu.