San Gimignano kwa msafiri wa Mombasa: lala huko, usipite tu

Ukiwa na nafasi ya mji mmoja tu wa mashambani huko Toscana, Italia, chagua San Gimignano, lakini ulale angalau usiku mmoja. Kuanzia saa nne asubuhi mabasi ya watalii huwamwaga wageni wa kutwa, na barabara ya Via San Giovanni haipitiki. Wakishaondoka jioni, mji huwa mwingine kabisa.

Panda treni Firenze, kituo cha Santa Maria Novella, hadi Poggibonsi. Safari nyingine hukulazimu kubadilisha Empoli. Kutoka Poggibonsi basi namba 130 huchukua kama dakika 25 hadi lango la Porta San Giovanni. Tiketi ya karatasi ya treni igonge muhuri kwenye mashine ya kituoni kabla ya kupanda. Usipofanya hivyo ni faini. Jumapili mabasi ni haba. Mwenye gari la kukodi aegeshe nje ya kuta: kamera husoma namba za gari, na faini hukufuata hadi nyumbani miezi baadaye.

Minara ndiyo sifa ya mji. Ilikuwa 72 hivi, kila ukoo tajiri ukitaka kuushinda mwingine. Leo imebaki 14. Kilichoiokoa ni umaskini: tauni ya 1348 iliua watu wengi, mwaka 1353 mji ukaingia chini ya Firenze, na pesa za kubomoa na kujenga upya hazikupatikana. Torre Grossa, yenye mita 54, ndiyo ya kupanda. Ngazi zinapita mia mbili, kwa hivyo mwenye goti bovu asijaribu.

Kanisa la Collegiata lina kiingilio, na mabega lazima yafunikwe, kanga yatosha. Usiharakishe mbele ya ukuta uliochorwa na Bartolo di Fredi mwaka 1367: Nuhu na safina, Yusufu, Musa, Ayubu. Ni visa unavyovijua tangu utotoni, wasomaji wa chuoni na wa kanisani pia.

Chakula chataka tahadhari kwa asiyekula haramu. Nyama inayoning'inia madirishani, *cinghiale*, ni nguruwe pori, na mikate mingine hutiwa mafuta ya nguruwe. Sema: *senza maiale, senza strutto, senza vino*, yaani bila nguruwe, bila mafuta ya nguruwe, bila mvinyo. Mkate wa Toscana hautiwi chumvi, usidhani mwokaji amesahau. Kwenye duka la aiskrimu la Gelateria Dondoli, pale uwanja wa Piazza della Cisterna, onja Crema di Santa Fina yenye zafarani. Ladha iitwayo Champelmo ina mvinyo, iepuke.

Na hiyo zafarani ndiyo tunayoisifu zaidi. Mji huu uliiuza tangu karne ya 13, na mwaka 1228 ulilipa sehemu ya madeni yake kwayo. Nunua nyuzi zenye alama ya DOP, inayothibitisha zimetoka huko kweli, usinunue unga, kwani unga huchanganywa kirahisi. Gramu moja hutoka kwenye maua kama 150, ndiyo maana ni ghali. Ukifika nyumbani, loweka nyuzi chache kwenye maji vuguvugu: rangi ya dhahabu hutoka polepole na uzi hubaki mwekundu. Ikitoka papo hapo na uzi ukapauka, ni rangi ya dukani. Kwa biriani, loweka nusu saa kabla ya kumwagia wali.

Visa ya Schengen, ile ya kuingilia Italia na nchi nyingi za Ulaya, huombwa Nairobi, kwa ada ya yuro 90 kwa mtu mzima. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 hadi siku 15 kabla ya safari. Usingoje hizo za mwisho. Bima ya matibabu iwe ya yuro 30,000 au zaidi, na ishike siku zote utakazokuwa huko.