Wauguzi wa moyo wanaokuja nyumbani, Kisumu: kazi yao nimeiona jikoni na kitandani

Kikundi hiki cha wauguzi kina chumba kimoja tu upande wa Kondele, lakini kazi yao hasa ni kuzunguka majumbani wakiwahudumia wagonjwa wa moyo, presha na mishipa ya damu. Sisi tuko Kaloleni. Mgonjwa ni mama yangu mzazi, ambaye moyo wake umedhoofika baada ya miaka mingi ya presha ya juu. Misuli haisukumi damu inavyopasa, kwa hiyo maji hubaki mwilini: miguuni, tumboni, hata kwenye mapafu. Jina la kikundi silitaji kwa sababu humu mna sifa na mna malalamiko, na malalamiko nimeshawafikishia wenyewe. Ninachotaka mjue ni muuguzi wa moyo anayeijua kazi yake anafanya nini akishaingia nyumbani kwako, ili hata ukimchukua mwingine uweze kumpima.

Wengi tunadhani tunalipia mtu wa kupima presha. Presha hata duka la dawa watakupimia. Sista aliyekuja kwetu mara ya kwanza hakuufungua mkoba wake kwanza. Alimwamkia mama, akavuta kigoda, akauliza maswali. Mama, unalalia mito mingapi? Usiku unashtuka ukitafuta hewa? Ukitoka chumbani mpaka chooni unapumzika njiani? Kisha akauliza swali ambalo hospitalini hakuna aliyeliuliza: ukisujudu, pumzi inakuwaje?

Mama alinyamaza, akaniangalia mimi, akamwangalia sista. Akasema siku hizi anaswali akiwa ameketi ukingoni mwa kitanda, maana akiinama tu kifua kinajaa na pumzi inakatika. Sisi tulidhani ni magoti. Sista akatueleza kwamba mtu akiinama shinikizo ndani ya kifua huongezeka, na moyo uliokwisha kuzidiwa na maji hauna nafasi tena, ndiyo maana pumzi hukata ndani ya nusu dakika hivi. Madaktari wanaijua dalili hii, na ni ishara kwamba maji bado ni mengi. Sista mwenyewe si Mwislamu, ni mtu wa Seme, lakini alitazama msala uliokunjwa kitini akajua pa kuuliza. Hilo peke yake lilinifanya niseme huyu hatoki hapa.

Ndipo akapima. Alimpandisha mama dera mpaka magotini, akabonyeza kwa kidole gumba juu ya mfupa wa ugoko, akashikilia, akaachia. Shimo likabaki pale, limetuama, likachukua muda kujaa tena. Akabonyeza juu zaidi, karibu na goti, tuone maji yamepanda hadi wapi. Halafu akamwomba mama ageuke ubavu, akambonyeza chini ya mgongo, juu kidogo ya makalio. Mgonjwa anayelala sana, alisema, maji yake hukimbilia huko, na watu wa nyumbani hufurahi kwamba miguu imepungua kumbe maji yamehama tu. Alinishika mkono akanifanya na mimi nibonyeze, nihisi ngozi inavyozama.

Presha yenyewe ilikuja mwisho, na taratibu zake sijawahi kuziona popote hapa mjini. Mama alikwenda haja kwanza. Akaketi dakika tano, mgongo umeegemea, nyayo ziko chini, miguu haikupishana, mkono juu ya meza usawa wa moyo, hakuna kuzungumza. Mkanda ulifungwa kwenye ngozi, si juu ya mkono wa nguo. Mama ni mnene wa mikono, kwa hiyo sista alitoa mkanda mkubwa. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba, na mtu anaweza kuongezewa dawa asiyoihitaji. Alipima mikono yote miwili, kisha akamsimamisha na kupima tena, kwa sababu dawa za moyo zinaweza kuishusha presha ghafla mtu anaposimama, naye mama alikuwa akilalamika kizunguzungu asubuhi.

Nyumbani sasa tuna mizani ya kukanyaga, na hiyo ndiyo dawa ambayo haikuwa kwenye karatasi ya hospitali. Kila asubuhi mama akishatoka chooni na kabla ya chai anapanda, akiwa na dera lile lile jepesi, na mjukuu wake anaandika kwenye daftari. Sista alilieleza jambo hili kwa hesabu ambayo hata mtoto aliishika: lita moja ya maji ni kilo moja. Uzito ukipanda kilo mbili ndani ya siku mbili tatu, si mafuta wala si nyama, ni maji, na miguu itafura baadaye tu. Mizani inasema kabla ya miguu. Tumeshawahi kuyawahi maji kwa njia hiyo. Tulipiga simu namba ilipopanda, sista akawasiliana na daktari, dawa ikarekebishwa, na mama hakulazwa.

Nasisitiza hapo kwamba aliwasiliana na daktari. Hawa hawabadilishi dozi kwa kichwa chao, na ukiwabembeleza wanakukatalia kwa adabu.

Dawa nazo zina kisa. Hospitali iliyomruhusu mama ilitupa mfuko wa vidonge na kila bahasha imeandikwa 1x2, yaani kidonge kimoja mara mbili kwa siku, basi. Nani atasoma hivyo asielewe asubuhi na usiku? Lasix, ambayo ni dawa ya kutoa maji, ikawa inamwamsha mama usiku kucha kwenda chooni, na mzee anayetembea gizani na kizunguzungu ni mzee anayeanguka. Sista alimwaga mfuko wote juu ya mkeka, akapanga bahasha kwa safu, akampigia daktari, kisha Lasix ya pili ikahamia mchana baada ya adhuhuri. Usingizi ulirudi.

Kisha akaomba dawa nyingine zozote zilizomo ndani ya nyumba, hata zile za kununua. Mama akatoa kikopo chake. Mle mlikuwa na diklofenaki, anayoitumia kwa magoti, ananunua mwenyewe barabarani. Dawa za maumivu za jamii hiyo, pamoja na brufeni, hufanya mwili ushike chumvi na maji, na huzitesa figo, hasa kwa anayekunywa Lasix na enalaprili, ile dawa ya presha na moyo. Yaani huku tunatoa maji, huku tunayarudisha. Daktari akaidhinisha panadol mahali pake. Nawaomba sana wenye wazee: fungueni hivyo vikopo.

Jikoni ndiko alikokaa zaidi, na ndiko nilikojifunza zaidi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ambayo haifiki kijiko kimoja cha chai kilichojaa, na hiyo ni chumvi yote, pamoja na iliyomo kwenye mkate na mchuzi. Chumvi ya kwenye kopo tulikuwa tumeshaipunguza na tukajiona tumemaliza. Sista akauliza mboga za kienyeji tunazipikaje. Kwa magadi, tukamwambia, kama kila mtu huku. Tuliamini mrenda bila magadi hautelezi na kunde hazilainiki. Akachukua kipande cha magadi mkononi akasema hii nayo ni chumvi, haina ladha ya chumvi lakini sodiamu ni ile ile. Maharage pia tulikuwa tunayatia. Akahesabu mengine: unga wa mchuzi wa pakiti, omena na samaki waliokaushwa kwa chumvi, hamira ya poda (baking powder) kwenye mandazi.

Jirani yetu, mama wa Kakamega, akatoa wazo tutumie musherekha, ile chumvi ya kienyeji inayochujwa kwenye majivu ya maganda ya maharage. Nilitegemea sista afurahi. Alisema la, si kwa mgonjwa huyu. Majivu yana potasiamu nyingi, na mama anakunywa spironolaktoni na enalaprili ambazo zote huibakiza potasiamu mwilini, na potasiamu ikizidi mapigo ya moyo huvurugika. Ndiyo sababu anapimwa damu ya figo na potasiamu mara kwa mara. Mimi nimeishi na mboga hizi maisha yangu yote na sikuwahi kusikia mtu akiunganisha chungu na kidonge namna ile. Sasa kunde zinachemka polepole kwa moto mdogo, zinamaliziwa kwa maziwa, na sukuma inapata limau, kitunguu saumu na dania. Wiki za mwanzo mama alizisukuma sahani pembeni. Ulimi umezoea.

Suala la Ramadhani walilishughulikia mapema, Shaaban haijaisha. Sista alijua mama atataka kufunga na atanyamaza kama alivyonyamaza kuhusu sijida, hivyo alimuuliza waziwazi, akalipeleka swali kwa daktari. Daktari alikataa: dawa za kutoa maji na mchana mrefu bila kunywa ni hatari kwa figo na presha. Imamu wa msikiti wetu akamweleza mama kuhusu fidia, kulisha maskini kwa kila siku anayoikosa. Mama alilia, sitaficha. Lakini alikuwa ameshapewa nafasi ya kulia kabla ya mwezi kuandama, hakushtukizwa.

Sista huyo huyo anamhudumia binti mmoja wa Manyatta aliyewekewa vali ya chuma. Ugonjwa wa binti huyo ulianza utotoni, maumivu ya koo ambayo hayakutibiwa yakaleta homa ya baridi yabisi iliyoharibu vali. Naandika haya kwa ajili ya wenye watoto: koo la mtoto lisiachiwe maji ya chumvi na maombi peke yake, mpelekeni akaangaliwe. Binti anatumia wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, na alikuwa ameacha mboga za majani kabisa kwa kuambiwa na watu. Sista alimrudishia mboga. Asichotakiwa ni kula rundo leo na kukaa wiki bila jani, maana vitamini K ikipanda na kushuka kipimo cha damu nacho kinayumba.

Sasa malalamiko. La kwanza, wauguzi wao hawalingani. Sista wetu alipokwenda likizo tulitumiwa kijana aliyemfunga mama mkanda juu ya nguo huku wakipiga gumzo, akaandika namba, akaaga boda ikimsubiri nje. Mizani hakuiuliza, miguu hakuigusa. Kwa bei ile ile! Niliwapigia siku hiyo hiyo, na msimamizi akaja mwenyewe kurudia. Nashukuru alikuja, lakini mgonjwa asiye na mtoto wa kupiga kelele angeachwa hivyo hivyo.

La pili, karatasi yao ya dalili za hatari imeandikwa Kiingereza kitupu. Mama anasoma Kiswahili na Kiarabu. Mjukuu ndiye aliyemtafsiria na kuibandika ukutani: maumivu makali ya kifua, kukosa pumzi ukiwa umeketi tu, kuzimia, mdomo kwenda upande au mkono kulegea ghafla, mguu mmoja kufura na kuuma. Mojawapo ikitokea usimpigie muuguzi, mkimbize mgonjwa hospitali. Kwetu ni Jaramogi, ile wenyeji tunayoiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti. Wauguzi hawa hawatoki usiku, na wanakwambia hivyo tangu siku ya kwanza, jambo ambalo naliheshimu. Lakini karatasi ya uhai na kifo iwe kwa lugha ya mgonjwa. Wameahidi kuichapa upya. Mpaka naandika haya sijaiona.

Bei ni shilingi 1,500 kwa ziara ndani ya mji, na ukiwa Maseno au Ahero unaongeza nauli. Unalipa kwa M-Pesa. SHA, bima ya afya ya serikali, haikutulipia, zimetoka mfukoni, na kwa nyumba nyingi hizo si hela ndogo. Sisi tulianza na ziara za karibu karibu mama alipotoka hospitali, kisha tukazipunguza kadiri tulivyojua kazi wenyewe, na ni wao waliotushauri tupunguze. Kabla ya kumkaribisha mtu yeyote ndani omba leseni yake ya Baraza la Wauguzi la Kenya; hawa walitoa zao bila kununa. Waulize pia kwenye simu kama wana mkanda mkubwa wa presha, na kama muuguzi atakayekuja leo ndiye atakayerudi.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano wataipata karatasi ikitoka kwa Kiswahili. Mama kwake ni tano tangu zamani, na hataki mwingine ila yule sista wa Seme, kwa hiyo nikipiga simu namuulizia yeye kwanza, na akiwa hayuko zamu tunasubiri kesho yake.