Kibanda cha Fundi wa Simu Karibu na Uwanja wa Mkunguni, Lamu

Simu yangu ilitumbukia baharini jioni ya Jumanne, nilipokuwa nikishuka mashuani kwenye gati la Lamu baada ya kuvuka kutoka uwanja wa ndege wa Manda. Baharia mmoja aliizamia upesi, na iliporudi mkononi mwangu ilikuwa bado inawaka. Niliipangusa, nikaifukia ndani ya mchele usiku kucha kama tulivyozoea kuambiana, na asubuhi nikaikuta imezima. Nilifika katika kibanda hiki, kilichomo kwenye uchochoro unaotoka Usita wa Mui, njia kuu ya mji, kuelekea nyuma ya ngome, nikiwa nimekwisha kupoteza saa 14, na fundi alinieleza kwamba hizo ndizo zilizokuwa na thamani kuliko zote.

Mchele haufai. Haufiki kwenye maji yaliyojificha ndani, na chumvi huiacha pale pale ilipo. Hata kampuni ya Apple huwaonya wateja wake wasiitie simu iliyolowa ndani ya mchele, kwa kuwa chembe zake zinaweza kuidhuru. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri sana, na maadamu betri imeunganishwa, umeme hupita mahali usipopaswa kupita na kuila shaba iliyo kwenye bodi hadi ikaota kutu ya kijani. Fundi hakuniambia hayo kwa maneno tu. Aliipasha simu moto kidogo ili gundi ilegee, akabandua mgongo wake, akaichomoa betri kabla ya kugusa kitu kingine chochote, kisha akanisogezea hadubini nijionee mwenyewe kutu hiyo ikiwa imezunguka tundu la chaji. Aliisugua bodi kwa mswaki laini na spiriti, akaikausha, akapima kila njia ya umeme kwa mita, na akarudia kusafisha pale mita ilipomwonyesha kwamba bado pana kasoro. Kazi hiyo ilichukua siku mbili na kunigharimu shilingi 2,800, pamoja na tundu jipya la chaji na spika mpya. Kamera moja ya nyuma haikupona, naye aliniambia hivyo siku ya kwanza, kabla sijatoa hata senti.

Nilipoinunua simu ile, muuzaji alinihakikishia kwamba haiingii maji, akanionyesha alama ya IP68 kwenye boksi. Alama hiyo ni ya kweli, lakini vipimo vyake hufanywa kwa maji baridi yasiyo na chumvi na kwa simu mpya ambayo mipira na gundi zake hazijachoka. Kwa sisi tunaoishi kisiwani, ambao hata upepo wa kusi hutuletea chumvi hadi madirishani, ni haki yetu kuelezwa tofauti hiyo kabla ya kulipa.

Ipo pia tofauti ya umri wa simu, nayo fundi huieleza vizuri kwa kuwa ameziona zote. Kabambe, yaani simu ndogo ya vitufe, iliyoanguka majini, mathalani Nokia 1100 ya mwaka 2003 iliyokuwa na tochi, mwenyewe aliifungua kwa ukucha, akatoa betri papo hapo, akaianika juani, na mara nyingi ikafufuka. Simu za sasa zimegandishwa kwa gundi, betri imefungiwa ndani, na mwenye simu hana namna ya kukata umeme kwa mkono wake. Umoja wa Ulaya umepitisha sheria kwamba kuanzia Februari 2027 betri za vifaa vingi vya kubebeka ziwe zinaweza kutolewa na mtumiaji mwenyewe, ingawa ipo misamaha. Naisubiri siku hiyo kwa hamu, kwa kuwa simu zinazotengenezwa kwa soko la kule hatimaye hufika na huku.

Uaminifu wake niliuthibitisha zaidi nilipompeleka mama yangu, ambaye simu yake mpya ilikuwa ikipoteza mtandao kila mara. Alikuwa tayari kununua nyingine. Fundi aliikagua, akamuuliza, "Mama, hukaa wapi ukipiga simu?" Mama akajibu kwamba hukaa ndani. Akamwambia ajaribu kiwandani, yaani ua wa ndani ya nyumba, penye uwazi wa juu, au atoke dakani, kwenye baraza ya mlangoni, kwani kuta nene za mawe ya matumbawe huzuia mawimbi, hasa yale ya masafa ya juu yanayotumiwa na baadhi ya mitambo ya 4G, ilhali yale ya megahezi 800 au 900 hupenya kwa urahisi zaidi. Mama alijaribu, na mtandao ukasimama imara. Hakutozwa chochote.

Kasoro zipo. Vioo na vipuri vya simu zisizo za kawaida huagizwa Mombasa, vikaja kwa basi hadi Mokowe na kuvushwa kwa boti, na mimi nimewahi kumwona mteja akisubiri wiki nzima. Risiti haitolewi mpaka uiombe, jambo ambalo ningependa alirekebishe. Kwa upande mwingine, humtaka kila mteja atoe laini yake na kuondoka nayo, wala haulizi neno la siri ila pale anapohitaji kujaribu kioo, na hapo humtaka mteja aliandike mwenyewe. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007 simu zetu zimekuwa mifuko ya fedha, na si mafundi wote wanaolitilia maanani jambo hilo.

Kibanda hufunguliwa saa tatu asubuhi na hufungwa wakati wa sala, na Ijumaa hakifunguliwi tena hadi alasiri. Atakayemletea simu iliyoingia maji ya bahari aizime angali gatini, atoe laini, na asiitie chaji kabla ya kufika.