Kispika cha Biblia nilichonunua Darajani: kwa anayeuguza usiku, kinafaa

Kama unauguza mtu nyumbani na mikono haipati nafasi ya kushika kitabu, kispika hiki kinunue, ila soma kwanza haya. Ni kile kidogo cha kadi, cheusi, kinaenea kiganjani, wanauza kwenye maduka ya vifaa vya simu Darajani, hapa Unguja. Nilitoa 25,000, kadi yenye Biblia nzima ya kusikiliza ikiwa ndani. Chapa sitaji, maana boksi lina jina lake na kispika chenyewe kina jina jengine.

Mama alipooza upande wa kulia, na usemi ukaondoka. Nilimtoa Muheza nikamleta kwangu Magomeni, na tangu hapo usingizi wangu ni wa vipande: kumgeuza asipate vidonda vya mgongo, kumnywesha uji kwa kijiko, kubadilisha shuka. Mahubiri ya kwenye simu yalinishinda. Mengi ni makelele, "pokea muujiza wako usiku huu!", na mimi ninachopokea ni shuka mbichi. Nilitaka mtu anisomee Neno, basi.

Kwa hilo sina lawama. Msomaji ni mwanamume wa sauti nzito, hana haraka, na anasoma ile tafsiri ya Union ya mwaka 1952 ambayo mama ameizeekea. Yeye ni mtoto wa misheni ya Magila, Zaburi alizikariri tangu udogoni. Usiku mmoja ilipofika ya 23 nikaona upande mmoja wa mdomo unacheza. Nikasogeza taa. Alikuwa anafuata mstari kwa mstari, sauti hakuna, msomaji akivuta pumzi na yeye anasimama. Penye bonde la uvuli wa mauti mdomo wake ulitangulia.

Sasa kasoro. Kubwa ni mpangilio wa kadi. Mafaili yamepewa namba 1, 2, 3 badala ya 001, kwa hiyo baada ya Zaburi ya 1 inakuja ya 10, halafu ya 100, na ile ya 119 yenye mistari 176 inakuangukia ungali mwanzoni. Fundi simu alinipangia upya kwa kompyuta, akachukua 2,000. Tena kila sura inaanza na kinanda chenye sauti kubwa kuliko msomaji. Saa nane ya usiku utaruka kitandani. Taa yake ya buluu inamulika chumba kizima, nimeibandika plasta. Chaji inafika alfajiri usipopandisha sauti, na umeme ukikatika ndipo utakapokipenda.

Lakini kilichonifanya niandike ni Zaburi ya 88. Sikumbuki kuisikia ikihubiriwa. Zaburi nyingi za kulia hugeuka mwishoni zikaanza kusifu. Hii inamwita Mungu wa wokovu, inalia mpaka mwisho, na inaishia gizani, marafiki wakiwa mbali. Kichwa chake kinasema ni ya wana wa Kora, ukoo wa waimbaji wa hekaluni. Ni haohao wenye ya 46, ile tunayoipenda sote, ya Mungu kuwa kimbilio letu. Wanaotuhubiria hutupa ya 46 peke yake, kana kwamba kimbilio ni pa kuingia ukishafuta machozi. Wana wa Kora waliimba zote mbili, na hakuna aliyeifuta ile ya 88. Siku mbaya siku hizi siirukishi. Namwambia Mungu vilevile, kwamba nimechoka, na kwamba ndugu zangu wanatuma salamu badala ya hela. Nikishamwambia, naweza kumgeuza mama bila kununa.

Nilihofia majirani, kuta zetu nyembamba. Bi mkubwa wa mlango wa pili alinisimamisha uani: "Mwanangu, hiyo ninayoisikia ndiyo Zaburi ya Nabii Daudi?" Nikamjibu, ndiyo, Bi. "Basi ipandishe kidogo, mama yako asikie." Adhana ikianza nakizima, ikimalizika nawasha; hatujawahi hata kulizungumza.

Nakipa nyota nne. Ukienda kununua, mwambie muuzaji akiwashe palepale dukani usikie ni Zaburi gani inayofuata baada ya ya 1, na udai waya wa chaji, maana wapo wanaoutoa kwenye boksi wakauuza mbali.