Darajani kwa karamu ya mtaa: kipi ununue, kipi ukiache, na siku gani uende

Anayetaka kuandaa karamu ya vyakula vya msimu mjini Unguja, tuseme watu 150 wa mtaa mmoja, hatimaye atajikuta Darajani. Soko lile lilijengwa 1904, lipo ukingoni mwa Mji Mkongwe, na sehemu kubwa ya vinavyotoka shamba na baharini hupita pale kabla ya kufika chunguni. Hapa tunalipima kama ghala la shughuli, si kama pahala pa kununulia kitoweo cha jioni. Muuzaji anayekufaa kwa kilo 2 anaweza asikufae kabisa kwa kilo 40.

Tuanze na siku, maana hapo ndipo kamati nyingi zinapoteleza. Watu hukaa, hupanga vyakula, hualikana, kisha hutuma mtu akatafute pweza wakati wa maji mafu, yaani siku ambazo bahari haitoki sana. Pweza atampata, lakini mdogo, mchache, na bei haishikiki. Pweza wengi wa Unguja hutolewa miambani na watu wanaokwenda pwani kwa miguu, kwa hivyo wingi wake unafuata bamvua: mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, na maji hutoka zaidi siku 1 au 2 baada ya hapo. Siku hizo maji hukauka mnamo saa 4 asubuhi. Basi pweza aliyetolewa Jambiani au Bwejuu anaingia mjini mchana. Ukienda Darajani saa 1 asubuhi utamkuta wa jana, na hata ubembeleze vipi hatakuwa wa leo.

Dagaa nao wana hesabu yao. Huvuliwa kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka hawakusanyiki kwenye taa. Wanataka giza. Ukiziweka hesabu mbili hizi pamoja, Jumamosi iliyo karibu zaidi na mwezi kuandama ndiyo inayokupa pweza na dagaa kwa wakati mmoja. Kamati yoyote yenye kalenda ya Kiislamu ukutani inaweza kuipanga siku hiyo miezi 3 kabla, bila ya kumuuliza mtu. Ukiangukia Ramadhani, sogeza mbele.

Kwa shamba, miezi ni mipana zaidi. Machungwa na machenza ni Juni hadi Agosti. Embe, shokishoki, mafenesi na duriani hujaa kuanzia Disemba hadi Februari. Wakati wa kusi bahari huchafuka, vyombo vidogo haviendi mbali, na samaki wakubwa hupanda bei; karamu ya Julai ijengwe juu ya muhogo, ndizi na machungwa, samaki awe wa kuonjesha tu. Na pilau? Pilau tamu, hatubishi, lakini karamu ya chakula cha kwetu inayosimama juu ya mchele uliokuja kwa meli imeshajisuta yenyewe.

Sasa sokoni. Kwa muhogo, Darajani ni pazuri ukichukua polo (gunia) zima na ukataka lipimwe mizani. Polo lisilopimwa ni bahati nasibu, kwani yapo yanayorundikwa mlima juu na kubaki na uwazi katikati. Kwa watu 150 chukua kilo 45 za muhogo wenye maganda. Robo hivi itakwenda na maganda na vichwa, utabakiwa na kilo 33 au 34, sawa na gramu 220 kwa mtu, na hiyo inatosha kukiwa na vyakula vyengine. Usiridhike na mzizi wa juu. Ingiza mkono katikati ya polo, toa mmoja, uvunje. Ukivunjika kwa mlio na ndani ni mweupe, ni wa leo au jana. Ukiona michirizi ya buluu inayokaribia weusi, muhogo huo una siku 2 au 3 tangu kung'olewa. Utaiva, lakini utakuwa na ugumu wa kamba na ladha ya udongo. Onja kipande kidogo kibichi kisha ukiteme. Ukiwa mchungu, uache, hata kama muuzaji anaapa kwamba uchungu hutoka ukipikwa.

Nazi ndizo zinazoharibu shughuli kuliko kitu chochote, na hapa ndipo tunapolivulia soko kofia na kulilaumu hapo hapo. Nazi zipo tele, na za kukunisha kwa mashine zipo. Hesabu yetu ni nazi 1 kwa kilo 1 ya muhogo uliomenywa, yaani 34, 10 za pweza, na 6 za tahadhari: jumla 50. Tikisa kila moja usikie maji. Isiyo na maji iache. Lakini kosa kubwa hutokea kwenye kuvunja. Wapishi wenye haraka huvunja nazi zote juu ya beseni moja, na nazi 1 iliyochacha inatia harufu beseni zima. Kila nazi ivunjwe juu ya bakuli ndogo, inuswe, ndipo iende kwa wenzake. Ukikunisha kwa mashine, mwambie mwenye mashine aoshe meno ya mashine kwanza mbele yako, kwani mabaki ya nazi za asubuhi yakikaa kwenye joto huchacha, na tui lako likaharibika kabla halijaona moto. Kwa tui la pweza tungependelea mbuzi ya kukunia nazi na kifumbu cha kuchujia. Kwa muhogo, mashine inafaa.

Muhogo ukiwa kilo 33 usiupike kwenye sufuria moja. Wa chini utaungua, wa juu ubaki mgumu. Gawa sufuria 3 za kilo 11. Chemsha kwanza bila kufunika, mwaga maji, kisha tia tui jepesi hadi uive. Tui zito liingie mwisho, moto mdogo, mtu mmoja akikoroga upande mmoja bila kuondoka. Tui hukatika kwa sababu tatu tu tunazozijua: moto mkali, kufunikwa, au ndimu iliyotiwa mapema. Ndimu ipelekwe mezani.

Pweza: kilo 20 mbichi. Akiiva hubaki karibu nusu, kwa hivyo kila mtu atapata vipande 3 au 4 vya mchuzi, na hiyo ndiyo heshima yake. Nunua mchana wa Ijumaa, msafishe na umpige, umtie kwenye friza usiku. Baridi hulegeza nyama. Anapikwa bila kuongezwa maji, atatoa yake mwenyewe. Chumvi baadaye.

Kwa samaki soko ni la uhakika asubuhi kwenye mnada, na si la uhakika baada ya adhuhuri. Jodari hasa, asiyekaa kwenye barafu, anaweza kuwasha mdomo na kutoa vipele, na kumpika sana hakuondoi madhara hayo. Nenda na beseni lako la barafu. Usiyempata kwenye barafu, muache.

Matunda tunayapa alama zote. Kinachotakiwa ni kujua kuvundika: embe na ndizi za kuliwa Jumamosi zinunuliwe Jumanne au Jumatano zikiwa zimepevuka tu, zivundikwe kwenye majani makavu au magunia. Anayenunua zilizoiva Ijumaa kwa wingi huo atakuta robo imepondeka chini ya pakacha. Shelisheli ni kinyume chake. Lichukue Ijumaa jioni, lenye utomvu mweupe uliokaukia kwenye ganda, na kataa lililoanguka lenyewe. Upande uliopondeka huonekana ukilikata tu. Mashelisheli 30 ya wastani yakichomwa yanatosha.

Uchukuzi ni udhaifu wa soko. Keri (gari dogo la mizigo) haiingii vichochoroni, kwa hivyo karamu ya Mji Mkongwe inahitaji mkokoteni, na bei yake ikatwe kabla mzigo haujapakiwa. Beba vikapu na mapakacha yako, mifuko ya plastiki imepigwa marufuku. Kama mtaketi barazani au uwanjani, mwone sheha (kiongozi wa serikali wa mtaa) mapema, na baraza la manispaa kama eneo ni la wazi la umma.

Sinia 1 kwa watu 5, yaani 30, na 4 za akiba. Chakula chenye tui kisipakuliwe mapema; kikikaa joto la mchana kwa saa 3 au 4 kimekwisha. Vifuu vya zile nazi 50 msivitupe, ni moto mzuri wa kuchomea mashelisheli.