Bolti iliyoliwa kwenye bunduki ya rangi: seti ya dukani ilishindwa, mzee wa Unga Limited akaitoa

Naanza na bei, maana najua wengi ndiyo mnayoitafuta. Seti ya kutolea bolti zilizoliwa, vipande vinne ndani ya kiboksi cha plastiki, niliinunua shilingi 28,000 kwenye duka la vifaa jirani na soko la Kilombero, hapa Arusha. Fundi mzee wa mtaa wa Unga Limited aliyeitoa bolti yenyewe, baada ya seti kushindwa, alinitoza 10,000. Hesabu hiyo bado inaniuma.

Kazi yangu ni kutunza vifaa kwenye kiwanja cha mchezo wa bunduki za rangi, nje kidogo ya mji upande wa Kisongo. Tuna bunduki kumi na mbili, aina moja, zimetoka Marekani. Kwa asiyezijua: zinasukumwa na hewa au gesi ya mtungi, na risasi yake ni kidonge cha jelatini chenye rangi ndani, kipenyo inchi 0.68, yaani milimita 17 na ushei. Kikikupata kinapasuka, unatoka nje ya mchezo. Waliozitengeneza mwanzo wala hawakuwa na habari za mchezo. Zilikuwa za kuwekea alama miti na ng'ombe kwa mbali. Mchezo wa kwanza ulichezwa mwaka 1981 huko New Hampshire. Mlinzi wetu, mtu wa Monduli, nilipomsimulia habari ya ng'ombe alicheka mpaka akaketi. "Huyo ng'ombe hana mwenyewe?"

Sasa kisa. Jumatano jioni bunduki namba saba ilianza kupasulia vidonge ndani. Ukivuta triga inatema mchuzi wa njano badala ya kidonge. Jumamosi tulikuwa na watu wa ofisi moja, ishirini na nne, wanacheza kwa zamu kumi na mbili kumi na mbili, kwa hiyo kila bunduki ilihitajika. Dawa yake ni kufungua bodi, kusafisha, kubadilisha oringi, vile vipete vya mpira vinavyozuia hewa kuvuja. Bodi ni vipande viwili vya aloi ya alumini, kushoto na kulia, vimekazwa kwa bolti ndogo zenye kichwa cha mviringo kama kifungo cha shati na tundu la pembe sita katikati.

Zilitoka zote isipokuwa moja, ile ya juu ya triga. Na hapa kosa ni letu, silitupi kwa mtu. Kijana ninayefanya naye kazi alichukua alenki ya baiskeli, ule ufunguo wa pembe sita, milimita 3. Tundu la bolti ni la inchi 1/8, ambayo ni milimita 3.175. Tofauti haifiki hata moja ya tano ya milimita, ukiiweka unaona imeingia vizuri kabisa. Nyingine zilikubali kwa sababu zilikuwa legevu. Hii ilikuwa imeng'ata. Alenki ikazunguka, ikatoa kale kasauti kama jino linalosagika, na pembe sita zikawa duara. Kijana akanitazama. Nikamwambia weka chini, usiguse tena.

Alhamisi asubuhi nikaenda Kilombero. Muuza duka aliisifia ile seti kama anayemwozesha binti yake. Kila kipande kina ncha mbili: ya kwanza inachimba shimo dogo la bakuli kwenye kichwa cha bolti, ya pili ina uzi wa kushoto, unaigeuza drili izunguke kinyume, uzi unajing'ata ndani ya shimo na bolti inafuata. Kwa nadharia ni akili kubwa. Kadiri unavyofungua ndivyo inavyozidi kushika.

Nilitoa mtungi kwanza, nikatoa vidonge, nikaelekeza mtutu ardhini na kufyatua mara tatu nne mpaka hewa iliyobaki ikaisha. Hili nalisema kwa herufi za kawaida lakini nalimaanisha kwa herufi kubwa: mtungi uliojaa unabeba mgandamizo wa hadi psi 3,000, na hata ule uliopunguzwa unaoingia kwenye bunduki ni mamia ya psi. Usishike bisibisi kabla mtungi haujawa mbali na meza.

Kisha drili. Kipande kidogo kuliko vyote, mwendo wa polepole, nimebonyeza kwa kifua. Dakika moja. Mbili. Nikainua kuangalia: bolti inang'aa kama sufuria mpya. Haijachimbika, imepigwa msasa! Bolti za alenki huwa zinatengenezwa kwa chuma kilichotiwa ugumu, na kile kipande cha seti kilikuwa laini kuliko mgonjwa wake. Nikageuza upande wa pili, nikajaribu kutoa hivyo hivyo. Ncha ikashika robo ya sekunde, nikafurahi, halafu ukingo wake wote ukasuguka na kulala. Nilipokitazama kwenye mwanga, uzi wa ncha ulikuwa umefutika kama kisigino cha kandambili. Mdomo wa tundu la bolti sasa ukawa mpana zaidi ya nilivyoukuta.

Bahati yangu ni kwamba kile kipande hakikukatikia ndani. Seti za chuma kigumu zina tatizo la upande wa pili: zikikatika shimoni, drili ya kawaida haizipenyi, na hapo una bolti iliyoliwa yenye mwiba ndani yake.

Dereva wa boda aliyenirudisha ndiye aliyesema, "Kaka, hizo vitu peleka Unga Limited kwa wazee." Nikaifunga bunduki kwenye khanga ya mke wangu, nikaiweka ndani ya mfuko wa sandarusi, maana kitu chenye umbo lile hukibebi wazi kwenye hiace asubuhi ya kazi.

Karakana yenyewe ni bati tatu na benchi moja lenye vaisi ya kubania vyuma. Mzee alikuwa anachonga ufunguo wa trekta.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mbona umekifunga hivyo, kama kitoweo cha wizi?"

Nikafungua. Akarudi nyuma hatua moja. "Kijana, hii serikali inaijua?"

"Inapiga rangi tu, mzee."

"Rangi ya nyumba?"

Tulipoelewana akavaa miwani, akaikagua bolti kimya. Hakugusa drili. Alichukua sindano ya kushonea magunia akaanza kuchokonoa ndani ya tundu, na huko chini vikatoka vipande vya rangi kavu, njano na buluu, vigumu kama nta. Ndipo nilipopata jibu ambalo sikuwa nimelitafuta: alenki haikuwa imefika chini tangu mwanzo. Miaka ya rangi iliyomwagika ilikuwa imejaza nusu ya tundu, kwa hiyo ilishika ukingo wa juu tu. Hata alenki ya inchi sahihi ingeweza kuteleza.

Akauliza kama ndani kuna mpira. Nikamwambia ziko oringi, lakini si karibu na bolti hii. Akatoa solda ya umeme, ile ya mafundi redio, akaichomeka ndani ya tundu na kuiacha, akaendelea na ufunguo wake wa trekta. Nilimwuliza kwa nini asitumie moto wa gesi amalize. Akaniangalia. "Unataka bunduki au unataka bati?" Solda inapeleka joto kwenye bolti na sehemu ndogo inayoizunguka. Joto hilo linalainisha gundi ya bolti ya kiwandani kama ipo, na alumini inatanuka karibu mara mbili ya chuma, hivyo tundu la uzi kwenye bodi linatanuka kuliko bolti inavyonenepa. Baada ya dakika nne hivi kukatoka harufu kali ya plastiki. Gundi ilikuwepo.

Kisha akachagua biti ya nyota, yaani ncha ya bisibisi yenye meno sita, saizi T20, ambayo ni nene kidogo kuliko lile tundu lililoliwa. Bodi akailaza juu ya kipande cha tairi, si kwenye vaisi, ili nyundo isipasue aloi. Akaigonga biti: tak, tak, tak, mapigo mafupi ya kifundo cha mkono. Meno sita ya nyota yakajichongea njia yao kwenye duara. Akapachika spana juu ya biti, na badala ya kufungua akakaza kwanza, kidogo tu, kama anayeitania. Halafu akarudisha. Ikasema *krak*. Nilidhani imekatika. Haikuwa hivyo, ilikuwa inatoka, na kwenye uzi wake kulikuwa na unga mweupe wa gundi kuukuu.

Dakika ishirini, pamoja na maongezi.

Kulikuwa na dosari moja, nayo naiandika kwa sababu wengine itawakuta. Bolti ilipotoka aliingiza mkono kwenye kopo lake, akatoa bolti ya M5, yaani ya unene wa milimita 5, akaanza kuifunga mahali pake. Ikaingia mizunguko miwili vizuri, wa tatu ikakaza, naye akaongeza nguvu. Nikamshika mkono, kwa adabu. Bolti ya bunduki hizi ni ya inchi, 10-32: unene milimita 4.8 na nyuzi 32 kwa inchi, yaani hatua, umbali kati ya uzi na uzi, ya milimita 0.79. M5 ina hatua ya 0.8. Zinafanana kiasi cha kudanganya hata vidole vya miaka arobaini, na ukilazimisha, uzi wa alumini ndio unaoliwa. Hakupenda kushikwa mkono. Lakini alizipanga mbili zile uzi kwa uzi dhidi ya mwanga wa mlango, akatikisa kichwa, akasema "kweli", basi yakaisha. Bolti mbadala niliichomoa kwenye bunduki mbovu tunayoikata spea.

Ijumaa tuliisafisha, tukaweka oringi mpya, tukaipima mwendo wa risasi ikakaa chini ya futi 300 kwa sekunde inavyotakiwa, na Jumamosi namba saba ilicheza zamu zote mbili. Nimenunua pia alenki za inchi, 18,000, na biti za nyota. Kijana sasa anachokonoa kila tundu kwa sindano kabla ya kuweka chochote ndani.

Nyota zangu: seti, mbili. Ningetoa moja, ila kipande namba tatu kimetoa skrubu ya mbao iliyokufa kwenye bawaba ya geti letu kwa sekunde kumi, kwa hiyo kwa skrubu laini na nene inafanya kazi. Kwa bolti ndogo ya alenki, hela yako inakwenda na maji. Mzee nampa nne. Ya tano imebaki kwenye lile kopo la M5. Bolti ya zamani aliomba abaki nayo, akaitumbukiza humo humo.