Kliniki ya matiti hapa Amu: maelezo mazuri, pazia bovu

Nyota nne kati ya tano. Jina la kliniki silitaji kwa sababu nina lawama zangu huko chini, lakini wenyeji mtaijua: iko karibu na Usita wa Mui, na mlangoni pana kibaraza kisichokosa punda.

Kazi yangu ni kupaka hina maharusi, kwa hiyo nasikia mengi. Mara sidiria nyeusi inaleta saratani, mara manukato ya kwapani, mara jicho la mtu. Mimi mama yangu mdogo alikufa kwa saratani ya titi, na nilitaka kujua jambo moja ambalo hakuna aliyewahi kunijibu: kama sina uvimbe wala maumivu, je, ndani ya titi langu hili zima kuna kinachoashiria yajayo?

Kabla ya kupimwa mnakaa kwenye mabenchi na nesi anasomesha. Huyu nesi ndiye anayestahili nyota zote nne. Alichukua karatasi akachora titi kama mtaa wetu: vijumba vingi vya maziwa, na vichochoro vinavyoshuka hadi kwenye chuchu. Kuta za vichochoro hivyo zina safu mbili za seli. Seli za ndani ndizo zinazotoa maziwa kule vijumbani. Za nje huyakamua yatoke. Saratani nyingi huanzia safu ya ndani. Kila mwezi homoni huziamsha seli zigawanyike, na kila zinapogawanyika hunakili jeni zake, na katika kunakili huko kosa laweza kupenya. Kwa hiyo aliyevunja ungo mapema na akachelewa kukoma hedhi ana hatari kubwa kidogo, maana mizunguko yake ni mingi.

Bi mmoja akauliza kuhusu kunyonyesha. Nesi akasema uchambuzi mkubwa wa 2002, uliokusanya tafiti 47 kutoka nchi 30, ulikuta kila miezi 12 ya kunyonyesha hupunguza hatari kwa asilimia 4.3. Sisi tuliotimiza miaka miwili kamili kwa kila mtoto tukaanza kutazamana kwa majivuno. Nesi akatukata hapo hapo: "Mama zangu, inapunguza, haifuti." Akaongeza kwamba miaka michache baada ya kuzaa hatari hupanda kidogo kabla ya kushuka, kwa hiyo uvimbe wa mama anayenyonyesha usiachiwe tu jina la maziwa yaliyoganda.

Ndipo nikauliza langu. Hakunipa la "usijali". Alisema wapo wanaorithi jeni ya BRCA1 iliyoharibika, na kwao karibu 7 kati ya 10 hupata saratani ya titi kabla ya kufika miaka 80. Mwaka 2009 watafiti wa Australia walichunguza tishu za wanawake kama hao, tishu ambazo bado hazikuwa na saratani, wakakuta seli changa za ile safu ya ndani zimezidi kawaida. Kwa hiyo ndiyo, titi lisilouma laweza kuwa na habari zake. Lakini saratani za kurithi hivyo ni kama 5 hadi 10 tu katika kila 100, na mama mdogo mmoja pekee si ushahidi wa jeni. Aliniuliza aliugua akiwa na umri gani, na nani mwingine kwa upande wa mama, na wa baba pia. Upande wa baba! Sikuwahi hata kuufikiria.

Alitaja pia kuwa huko Indiana, Marekani, kuna benki ambayo wanawake wasiougua huipa vipande vidogo vya tishu za matiti yao, ili ijulikane seli za kawaida zikoje kabla hazijaharibika. Mabenchi yote yakacheka. Nani Amu atampa mzungu kipande cha titi? Mimi ningetoa, wallahi.

Sasa lawama. Kupimwa ni nyuma ya pazia lisilofika mwisho, na aliyekaa benchi la kwanza anaona mabega yako. Sisi watu wa buibui, jamani. Altrasaundi nililipia nikaambiwa nirudi, mwenye mashine ameondoka. Mamogramu, ile picha ya eksirei ya matiti, hawana, wanakuandikia barua ya Mombasa, yaani mashua hadi Mokowe kisha basi la kupitia Witu. Nalo ni muhimu, kwa kuwa uzito wa tishu, yaani tezi na nyuzi kuwa nyingi kuliko mafuta, ambao nao huongeza hatari, huonekana kwenye picha hiyo tu. Mkono haujui. Titi linaloshikika gumu laweza kuwa jepesi kwenye picha, na laini likawa zito.

Mkienda, nendeni asubuhi, vaeni blauzi ya vifungo ndani ya buibui, na muwaulize bibi zenu nani aliugua nini. Malipo kwa M-Pesa; risiti ombeni wenyewe, hawatoi mpaka wakumbushwe.